Ukoo wa G wa Michigan: jeni moja, saratani zilizobadilika

Familia nyingi zina orodha yake ya misiba. Baba mkubwa alikufa kwa tumbo, shangazi kwa kizazi, bibi kwa tumbo tena, na siku ya matanga hakosekani wa kuuliza chinichini kama jambo hili liko kwenye damu. Majibu huja ya kila namna: mkono wa mtu, laana ya ukoo, vyakula vya siku hizi. Daktari akiulizwa husema historia ya familia huchangia, kisha anamwita mgonjwa mwingine. Huchangia kiasi gani? Kwa njia gani? Na kwa nani hasa? Kisa kinachojibu maswali haya vizuri kuliko vyote ninavyovijua ni cha ukoo mmoja wa asili ya Kijerumani uliohamia jimbo la Michigan, Marekani, katika karne ya 19. Kwenye maandishi ya tiba unaitwa Ukoo wa G. Madaktari walianza kuufuatilia mwaka 1895, kabla hata neno jeni halijabuniwa.

Jibu langu nalitoa mapema. Ndiyo, jeni za kurithi huathiri hatari ya saratani ya utumbo mpana na puru (sehemu yake ya mwisho), na katika koo chache huathiri vibaya sana. Lakini Ukoo wa G una jambo jingine ambalo halitajwi sana: hitilafu ile ile, herufi kwa herufi, iliwaua mababu kwa saratani moja na wajukuu kwa saratani nyingine. Anayetaka kuelewa maana ya kurithi hatari, tofauti na kurithi ugonjwa, aanzie hapo.

Fundi wa nguo na daktari wa maabara

Aldred Scott Warthin alikuwa mwanapatholojia wa Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor. Mwaka 1895 mwanamke mmoja fundi wa kushona alimweleza sababu ya simanzi yake. Watu wa kwao, alisema, hufa kwa saratani ya tumbo, ya matumbo au ya viungo vya uzazi, tena hufa mapema, na yeye anangoja zamu yake. Siku hiyo alikuwa mzima kabisa. Warthin angeweza kumpa pole na kurudi kwenye hadubini yake. Badala yake alianza kuandika majina.

Sifa za ugunduzi huu hupewa Warthin, lakini mimi naona nusu yake ni ya yule fundi. Ndiye aliyejua nani ni mtoto wa nani, nani aliolewa wapi, nani alizikwa akiwa bado ananyonyesha. Maabara iliweza kuthibitisha vipande vya nyama vilivyoletwa kutoka chumba cha upasuaji. Nasaba haikuwamo maabara. Ilikuwa kichwani mwake na kwa jamaa zake aliowauliza mmoja mmoja. Alifariki akiwa katika miaka yake ya 40, kwa saratani ya mji wa mimba, kama alivyotabiri.

Warthin alichapisha matokeo yake ya kwanza mwaka 1913. Kati ya wazao 48 wa yule babu wa mwanzo, 17 walikuwa wamekufa au kupasuliwa kwa sababu ya saratani, zaidi ikiwa ya mji wa mimba na ya tumbo. Aliendelea kuufuatilia ukoo na kuandika tena mwaka 1925. Wenzake hawakushtuka. Wakati ule wengi waliamini saratani huletwa na mwasho wa muda mrefu au vimelea, na saratani ni ugonjwa wa kawaida mno kiasi kwamba ukoo mkubwa wowote ukiupekua utaikuta. Pingamizi hilo la pili halikuwa la kijinga, nitalirudia. Kibaya zaidi, Warthin mwenyewe alivutwa na itikadi ya kuboresha kizazi iliyokuwa ikivuma Marekani na Ulaya, ile iliyotaka baadhi ya watu wasizae kabisa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mtu akitaja urithi wa magonjwa ya binadamu aliangaliwa kwa jicho la shaka, na haki ilikuwapo.

Mlevi wa Omaha

Kisa kilifufuliwa mwaka 1962 mjini Omaha, jimbo la Nebraska. Henry Lynch, bondia na mwanamaji wa zamani aliyegeuka kuwa daktari, aliitwa kumwona mgonjwa aliyekuwa akipata nafuu kutokana na mtetemeko na maruweruwe ya pombe. Alipomuuliza kwa nini anakunywa hivyo, alijibiwa kwamba atakufa kwa saratani kama watu wote wa kwao. Daktari mwingine angemwandikia dawa za usingizi. Lynch alikuwa amesomea jenetiki ya binadamu kabla ya tiba, akauliza swali la pili na la tatu.

Mwaka 1966 yeye na wenzake walichapisha habari za koo mbili kubwa, moja ya Nebraska na nyingine ya Michigan. A. James French, aliyekuwa mkuu wa patholojia kule Michigan, alisikia kazi hiyo akamkabidhi Lynch majalada ya Warthin kuhusu Ukoo wa G yaliyokuwa yamehifadhiwa miaka yote ile. Lynch na Anne Krush, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, walizunguka kuwatafuta wazao, na mwaka 1971 wakaeleza hali ya zaidi ya ndugu wa damu 650. Lynch aliomba fedha za utafiti akanyimwa, kwa hoja kwamba saratani hutokana na mazingira, na kwamba familia hula sahani moja na kuvuta hewa moja. Hata jina la sindromu ya Lynch, yaani hali hii ya kurithi hatari ya saratani, lilikuja baadaye, mwaka 1984, nalo hakulibuni yeye.

Walichokuwa nacho Warthin na Lynch ni mpangilio tu. Ugonjwa ulipita kizazi hadi kizazi bila kuruka. Uliwapata wanaume kwa wanawake. Karibu nusu ya ndugu wa tumbo moja waliupata. Ulikuja mapema, watu wakiwa na miaka 40 na kitu, ilhali saratani ya utumbo kwa kawaida ni ya wazee. Na aliyepona saratani ya kwanza mara nyingi alipata ya pili mahali pengine. Laiti ingekuwa ni sahani moja tu, mke au mume aliyeingia ukoo kwa ndoa naye angeugua kwa kiwango kile kile. Hawakuugua hivyo. Hoja hiyo ya wakwe, kwa maoni yangu, ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote kabla ya maabara kupata la kusema.

Herufi iliyokosewa

Mwaka 1993 maabara ilipata la kusema, na kwa kishindo. Vikundi vya Albert de la Chapelle wa Finland na Bert Vogelstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, vilichunguza koo kubwa za New Zealand na Amerika Kaskazini, vikaona kwamba hatari husafiri pamoja na sehemu fulani ya kromosomu ya 2, mojawapo ya vifurushi vinavyobeba jeni. Ndani ya uvimbe wa wagonjwa hao wakakuta kitu ambacho hawakukitarajia: vipande vya vinasaba (DNA, maandishi ya urithi yenye herufi nne, A, C, G na T) vinavyojirudiarudia vilikuwa vimebadilika urefu kwa maelfu, vingine vimefupika, vingine vimerefuka. Watu wa saratani walishangaa. Waliokuwa wakichunguza bakteria na hamira hawakushangaa hata kidogo, kwa sababu walikuwa wameona vurugu ya namna ile kwenye hamira iliyopoteza mitambo yake ya kusahihisha makosa. Kabla mwaka haujaisha, vikundi viwili vilikuwa vimeipata jeni yenyewe kwa binadamu, MSH2. Mwaka 1994 ikafuata MLH1 kwenye kromosomu ya 3, na baadaye MSH6 na PMS2. Paul Modrich, aliyeeleza namna mtambo huo unavyofanya kazi, alishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015.

Kazi ya mtambo huo ni rahisi kuifikiria. Mtu anayenukuu msahafu kwa mkono humweka mwenzake kando anayefuatilia kwa kidole, mstari kwa mstari. Mnukuzi akirudia herufi au akiruka, yule wa kidole humzuia. Seli inapogawanyika, vinasaba vyake vyote hunukuliwa upya, na mnukuzi, hodari kama alivyo, huteleza. Protini za MSH2 na wenzake ndizo za kidole. Zikiwapo, makosa hupungua mara mia hadi elfu. Zikikosekana, makosa hubaki, na hubaki zaidi pale herufi inapojirudia mfululizo, maana hapo ni rahisi kupoteza hesabu. Kuna jeni iitwayo TGFBR2, mojawapo ya zinazoiambia seli ya utumbo ipunguze kugawanyika. Ndani yake zimo herufi A kumi kwa mpigo. Ikidondoka moja, jeni nzima huharibika, na seli husahau breki.

Aliyerithi hitilafu ya MSH2 kwa mzazi mmoja bado ana nakala nzima kutoka kwa mzazi wa pili, na nakala moja inatosha. Ndiyo maana mtoto huzaliwa mzima, hukua mzima, husoma, huoa. Shida huanza seli moja inapopoteza nakala ile ya pili kwa bahati mbaya. Kwa kuwa ngozi ya ndani ya utumbo hujitengeneza upya kila baada ya siku chache, bahati mbaya hiyo ina nafasi nyingi sana za kutokea. Kila mtoto wa mwenye hitilafu ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Asiyeirithi hana cha kuwapa wanawe.

Hitilafu ya Ukoo wa G wenyewe ilijulikana mwaka 2000. Ilichelewa kwa sababu nakala nzima huificha ile mbovu. Watafiti wa Johns Hopkins walilazimika kuzitenganisha nakala mbili za mtu, kila moja peke yake ndani ya seli iliyochanganywa na ya panya, ndipo ile mbovu ikaonekana. Herufi T imegeuka G kwenye jeni ya MSH2, tena si katikati ya maagizo bali pembeni, mahali ambapo seli hupatambua ili ikate na kuunga ujumbe kabla ya kipande cha nne. Alama ya kukatia ikiharibika, ujumbe huungwa vibaya na protini haiundwi ipasavyo. Zaidi ya miaka mia moja ya makaburi, na chanzo ni herufi moja kati ya takriban bilioni tatu. Ripoti ya mwaka 2005 ilihesabu wazao 929 wanaojulikana wa babu yule.

Mbona saratani ya tumbo ikageuka ya utumbo?

Hapa ndipo kisa kinaponivutia zaidi.

Katika vizazi vya mwanzo vya Ukoo wa G, saratani ya tumbo, yaani ile ya mfuko wa chakula, ilikuwa mojawapo ya zilizotawala. Vizazi vilivyofuata ilififia, na ya utumbo mpana ikachukua nafasi. Ya mji wa mimba ilibaki kuwa tishio kwa wanawake. Herufi iliyokosewa haikubadilika hata kidogo. Ni ile ile kwa babu, mtoto na kitukuu. Kilichobadilika ni Marekani yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 saratani ya tumbo ilikuwa miongoni mwa zinazoua watu wengi zaidi nchini humo. Kisha yakaja majokofu, watu wakaacha kutegemea nyama ya chumvi na ya moshi, makazi yakapanuka, maji yakawa safi, na bakteria Helicobacter pylori, ambaye huishi tumboni na kuuchubua ukuta wake kwa miaka, akapungua kizazi baada ya kizazi. Saratani ya tumbo ikashuka kwa taifa zima. Ikashuka na kwa Ukoo wa G.

Mtu makini atasema labda madaktari wa 1895 walikosea, wakaita tumbo kile kilichokuwa utumbo. Inawezekana kwa baadhi ya vifo, hasa vile visivyopasuliwa. Lakini mteremko wa ukoo ulienda sambamba na wa taifa kwa miongo mingi, hata vipimo vilipokuwa bora. Nami nausoma hivi: hitilafu ya MSH2 haichagui kiungo. Inaondoa msahihishaji mwilini kote. Kiungo gani kitaangukiwa kwanza hutegemea seli zake zinagawanyika kwa kasi gani na zinachubuliwa na nini, na hayo mawili hutegemea kwa sehemu kubwa maisha, chakula na vijidudu vya wakati huo. Waliomnyima Lynch fedha kwa hoja ya mazingira walikuwa na nusu ya ukweli. Walichokosea ni kudhani nusu moja inaifuta nyingine.

Dalili zaidi zilipatikana kwenye majaribio yaliyoongozwa na John Burn wa Newcastle, Uingereza. Watu 861 wenye sindromu ya Lynch waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa aspirini miligramu 600 kila siku kwa miaka miwili au zaidi, nusu vidonge visivyo na dawa. Matokeo ya ufuatiliaji wa muda mrefu yalitoka mwaka 2020: asilimia 9 ya waliokunywa aspirini walipata saratani ya utumbo, dhidi ya asilimia 13 ya wenzao. Vidonge vya dukani, ambavyo bibi zetu humeza kwa maumivu ya kichwa, vimeipunguza hatari iliyoandikwa kwenye vinasaba. (Asikimbilie mtu dukani. Aspirini hutoboa vidonda vya tumbo na kumwaga damu. Uamuzi huo ni wa mtu na daktari wake.) Jaribio hilo hilo lilijaribu pia gramu 30 za wanga usiomeng'enywa kwa siku. Kwa utumbo mpana haukusaidia, ila saratani za viungo vingine zilipungua kwa karibu nusu. Magazeti yakaandika kuhusu ndizi mbichi, na najua wala matoke wa Bukoba na Kampala walitabasamu, ingawa kilichotumika kilikuwa unga ulioandaliwa maalumu.

Pasipofika Ukoo wa G

Sasa lile pingamizi la zamani. Ukoo wa G ulijulikana kwa sababu ulikuwa na misiba mingi. Koo zenye hitilafu za aina hiyo lakini zenye misiba michache hakuna aliyezitembelea. Ukikadiria hatari kwa kuangalia koo zilizokuvutia kwa ubaya wake, utapata hatari mbaya kupita kiasi. Ndivyo ilivyokuwa: makadirio ya mwanzo yalisema takriban watu 80 kati ya 100 wenye hitilafu hizi wangepata saratani ya utumbo. Baada ya kuwafuatilia wenye hitilafu bila kujali walivyopatikana, namba zilishuka, tena zikaachana kwa jeni. Kwa MLH1 na MSH2 ni takriban nusu yao wakifika miaka 75. Kwa MSH6 ni pungufu sana. Kwa PMS2 ni karibu 10 tu kati ya 100, na ukoo wa PMS2 unaweza kwenda vizazi bila mtu kushuku lolote. Kwa hiyo anayeambiwa ana sindromu ya Lynch aulize jeni ipi. Jibu lake linaweza kutofautiana na la jirani yake mara tano.

Jambo la pili ambalo ukoo huu hauwezi kutuonyesha ni wingi. Sindromu ya Lynch huchangia takriban 3 kati ya kila saratani 100 za utumbo mpana. Ukiongeza hitilafu nyingine kali, kama za jeni ya APC, ambazo huujaza utumbo mamia ya vinyama (viuvimbe vinavyoweza kugeuka saratani) tangu ujana, bado hufiki mbali. Ilhali utafiti wa mapacha wa Sweden, Denmark na Finland, uliochapishwa mwaka 2000 ukiwa na jozi 44,788, ulikadiria kwamba takriban asilimia 35 ya tofauti za hatari ya saratani hii baina ya watu hutokana na urithi. Pengo hilo linajazwa na nini?

Sehemu yake inajazwa na tofauti ndogondogo. Mwaka 2007 watafiti waligundua herufi moja kwenye kromosomu ya 8 ambayo huongeza hatari kwa takriban moja ya tano tu, lakini hubebwa na watu wengi mno. Tangu hapo zimeendelea kupatikana. Kazi ya mwaka 2023 iliyokusanya zaidi ya wagonjwa 100,000 ilifikisha alama 205. Hakuna hata moja kati ya hizo iwezayo kutengeneza kisa kama cha Ukoo wa G. Hakuna fundi atakayesema watu wa kwao wote hufa kwa herufi ile. Lakini aliyezikusanya nyingi kwa pamoja hatari yake hupanda hatua kadhaa, na huenda ndiye yule ambaye baba yake peke yake aliugua, akiwa na miaka 68, na familia ikasema ni uzee. Kuwa na mzazi au ndugu mmoja aliyeugua saratani hii huongeza hatari karibu mara mbili hata jeni yenye jina isipopatikana.

Na kwa wengi waliobaki ni umri, uvutaji, pombe, unene na nyama za viwandani. Sisemi mengi hapo kwa kuwa yamesemwa sana.

Kujua kulibadilisha nini

Warthin hakuwa na cha kumpa fundi wake. Leo kipo. Finland walifuatilia watu 252 kutoka koo 22 kwa miaka 15. Walioingiziwa kamera ya utumbo kila miaka mitatu walipata saratani chache kwa asilimia 62 kuliko waliokataa, kwa sababu vinyama viliondolewa kabla havijageuka. Kwa sindromu ya Lynch kamera hupendekezwa mapema na mara kwa mara, mara nyingi kuanzia miaka 25 kwa MLH1 na MSH2, kila mwaka mmoja hadi mitatu kutegemea nchi. Haraka hiyo ina sababu. Kinyama ambacho kwa mtu mwingine huchukua miaka kumi kugeuka, kwao huweza kugeuka ndani ya miaka michache, kwani kila mgawanyiko huacha makosa. Mwanamke aliyemaliza kuzaa hupewa pia fursa ya kuondolewa mji wa mimba.

Barani kwetu mfano bora uko Afrika Kusini. Kwenye jamii za Northern Cape na pwani ya magharibi imo hitilafu moja ya MLH1 inayoshirikiwa na familia nyingi, dalili kwamba ilitoka kwa babu au bibi mmoja. Madaktari wa Cape Town hawakuwangoja watu wasafiri mamia ya kilomita. Kamera zilipelekwa kwao. Kwenye ripoti ya mwaka 2009, kati ya wenye hitilafu 129 waliokubali kufuatiliwa, 14 walipata saratani na 3 walikufa kwayo. Kati ya 49 ambao hawakufuatiliwa, 13 waliipata na 6 walikufa. Hawa hawakugawanywa kwa bahati nasibu, na anayekubali kamera huenda anajitunza kwa mengine pia, kwa hiyo sehemu ya tofauti hiyo inaweza kuwa ya tabia. Yote haiwezi.

Hata uvimbe ukishatokea, kosa la kurithi limegeuka kuwa mlango wa tiba. Seli zilizopoteza msahihishaji hutengeneza protini za ajabuajabu kwa mamia, na askari wa kinga huziona ngeni. Uvimbe hujikinga kwa kuwafunga breki askari hao. Dawa zinazofungua breki hiyo zilionyesha nguvu kwa saratani za aina hii mwaka 2015, na mwaka 2017 pembrolizumab ilikubaliwa Marekani kwa uvimbe wenye hitilafu hiyo, uwe kiungo chochote. Mwaka 2022 madaktari wa New York waliripoti wagonjwa 12 wa kwanza wenye saratani ya puru ya aina hii waliopewa dawa ya dostarlimab peke yake: uvimbe ulitoweka kwa wote, bila kisu wala mionzi. Bei ya dawa hizi ni kisa kingine, kichungu.

Ukiwa na orodha ya misiba mkononi

Tuseme msomaji ameiona familia yake humu. Aanze alipoanzia yule fundi: majina. Nani aliugua, kiungo gani, akiwa na umri gani, hospitali ipi, upande wa baba na wa mama, vizazi vitatu. Umri una uzito kuliko idadi. Kanuni walizokubaliana wataalamu mjini Amsterdam mwaka 1990 zilitaka wagonjwa watatu wa damu moja, vizazi viwili mfululizo, na mmoja awe aliugua kabla ya miaka 50. Siku hizi zinaonekana kali mno, zimeacha nje koo nyingi, hasa zenye watoto wachache. Ndiyo maana Uingereza tangu 2017 inashauri uvimbe wa kila mgonjwa wa saratani ya utumbo upimwe, bila kusubiri nasaba. Sisi wa familia kubwa, zenye mashangazi wanaokumbuka hadi jina la mkunga, orodha bado ni kipimo cha bure.

Pili, anayepimwa kwanza ni mgonjwa. Si mtoto wake mzima aliyejawa na hofu. Kipande cha uvimbe huwekwa rangi maalumu kuona kama zile protini nne zipo. Zote zikiwapo, sindromu ya Lynch inakuwa mbali. MSH2 ikikosekana, urithi unanukia. MLH1 ikikosekana, subira inahitajika, kwa sababu kwa wazee jeni hiyo mara nyingi huzimwa na umri bila urithi wowote, na kipimo cha ziada hutofautisha. Ndipo damu ya mgonjwa husomwa kutafuta hitilafu yenyewe. Hapa Mwafrika hukutana na kikwazo cha ziada: hifadhi za vinasaba duniani zimejaa watu wa asili ya Ulaya, hata zile alama 205 zilitoka kwa watu wa asili ya Ulaya na Asia ya Mashariki, kwa hiyo maabara hukuta kwetu tofauti nyingi zaidi wasizojua kama ni mbaya au ni za kawaida. Jibu la namna hiyo lisitumike kumkata mtu kiungo.

Hitilafu ikishapatikana kwa mgonjwa, ndugu wengine hupimwa herufi hiyo moja tu. Mzima akipimwa na hana, hatari yake inarudi kuwa kama ya watu wengine, na wanawe hawawezi kuipata kupitia kwake. Hana haja ya kamera za kila mara. Lakini mzima akipimwa wakati hakuna mgonjwa aliyepimwa, na majibu yakaja safi, majibu hayo hayamwambii kitu kuhusu ukoo wake. Huenda hakurithi. Huenda pia kilichowaua baba zake bado hakijatafutwa mahali kilipo, na kamera itabidi iendelee.